Midomo Ganzi, Mboni Ndogo, Nyumba Nzima Kichwa: Kuitambua Sumu kwa Dalili Zake, Unguja na Pemba

Mtu akianguka ghafla baada ya kula, kila jirani huja na tiba yake. Mmoja analeta maziwa, mwingine ndimu, wa tatu kashakata shauri kwamba ni jicho la mtu. Waambie wangoje kidogo, ujibu kwanza maswali matatu. Ni muda gani umepita tangu mgonjwa ale, anywe, anuse au aguse kitu? Dalili ya kwanza kabisa ilimwanzia wapi? Na waliokula sahani moja naye, au waliolala chumba kimoja, wana hali gani?

Majibu hayo humfikisha tabibu karibu na chanzo kuliko ladha ya chakula. Sumu kadhaa zitakazotajwa hapa hazina ladha wala harufu, na baadhi yake hata ukichemsha kutwa hazitoki. Kwa hiyo swali la "kilikuwa kimechacha?" liweke kando. Anza na saa.

## Wa kupelekwa kwanza, kuulizwa baadaye

Asiyeitika ukimwita, mwenye degedege, anayepumua kwa tabu, aliyebadilika rangi ya midomo, au ambaye miguu na mikono inamlegea: huyo ni wa hospitali sasa hivi, na haya mengine utayasoma njiani. Mlaze ubavu ili matapishi yasimwingie kifuani. Usimpe kitu mdomoni. Akiacha kupumua, mpulizie pumzi mpaka mfike. Kama amekunywa dawa ya wadudu, usiweke mdomo wako kwenye wake. Mkandamize kifua kwa nguvu na kwa kasi.

Walioko Kojani, Tumbatu au Kisiwa Panza wana hesabu ya ziada, ya chombo na maji kujaa au kutoka. Kwao ni afadhali kuvuka na mgonjwa ambaye huenda akapoa njiani kuliko kungoja dalili zikomae, kisha chombo kikosekane.

## Ganzi imeanzia midomoni baada ya kula samaki

Ganzi au mchonyoto unaoanzia kwenye midomo na ncha ya ulimi, kisha ukashuka kwenye vidole, kati ya dakika 10 na saa tatu hivi baada ya kula: mtuhumiwa wa kwanza ni bunju, yule samaki anayejivimbisha kama puto. Sumu yake inaitwa tetrodotoksini, na imejaa zaidi kwenye ini, mayai na ngozi. Wanaoitengeneza ni bakteria. Samaki anaihifadhi tu mwilini mwake. Ikifika kwenye mishipa ya fahamu huziba vijia ambavyo chembe za sodiamu hupitia. Bila sodiamu kupita, neva haipeleki habari, na msuli haupati amri. Mgonjwa huanza kulegea miguu, halafu mikono, halafu sauti, na mwisho misuli ya kuvutia pumzi.

Moto hauivunji sumu hii, na ndimu haifui dafu mbele yake. Mwaka 1774, kule New Caledonia, nahodha James Cook na wenzake wawili walionja kidogo tu ini na mayai ya samaki wa jamii hii. Usiku wakaamka viungo vimekufa ganzi, na Cook aliandika kwamba hakuweza kupambanua kitu kizito na chepesi mkononi. Nguruwe aliyekula matumbo ya samaki yule alikutwa amekufa asubuhi. Wao walipona kwa sababu walionja, hawakula.

Jambo la kutisha kuhusu bunju, na linalofaa kujulikana na kila nyumba ya pwani, ni kwamba mgonjwa anaweza kuwa amepooza mwili mzima, hafumbui jicho, hajibu, na akili yake ikawa timamu. Anasikia mnayoyasema. Katika jamii kama yetu ambayo haicheleweshi mazishi, hukumu ya kwamba mtu huyu amefariki ni ya daktari, wala si ya jirani aliyegusa mkono akaona wa baridi. Dawa ya kuipinga sumu hii haipo. Kinachookoa ni mashine ya kupumulia, au pumzi za kupuliziwa, mpaka sumu itoke mwilini. Anayevuka saa 24 za kwanza kwa kawaida hupona bila kasoro.

Wavuvi wanamjua bunju na humtupa palepale dikoni, pwani wanaposhushia samaki. Hatari iko kwa anayeokota kilichotupwa, na kwa samaki anayefika jikoni ameshachunwa na kukatwa vipande, hajulikani alikuwa nani. Mimi samaki asiye na kichwa wala ngozi simnunui kwa mtu nisiyemjua.

Kama hakuliwa samaki bali chaza, kombe au chakula kingine cha gamba, dalili zikawa hizihizi, fikiria sumu ya mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao wanyama hao huuchuja kutoka majini. Matibabu ni yaleyale: kusaidia pumzi.

Sasa iwapo ganzi imechelewa, tuseme imekuja saa sita au kumi baada ya kula, na imetanguliwa na kuharisha na kutapika, uliza samaki alikuwa wa aina gani na mkubwa kiasi gani. Chewa mkubwa, mzia, mkunga: hawa ni wawindaji wa kwenye miamba. Juu ya matumbawe yaliyokufa huota mwani mdogo uitwao *Gambierdiscus*. Samaki wadogo huula, wakubwa huwala wadogo, na sumu inazidi kujikusanya kila hatua mpaka kwa yule mkubwa aliyekuja kwenye sahani yako. Ugonjwa wake huitwa siguatera. Katika bahari yetu hii unajulikana sana Réunion na Mauritius. Alama yake ya pekee ni baridi kugeuka moto: mgonjwa akishika bilauri ya maji ya barafu anaiachia kama aliyeungua. Moyo unaweza kupiga polepole mno, na hilo ndilo la kumpeleka hospitali. Mwasho na maumivu ya viungo huweza kukaa wiki, hata miezi. Katika muda huo asile samaki kabisa, maana hata samaki asiye na sumu humrudishia dalili.

## Uso unawaka, moyo unadunda, ngozi inawasha

Hii ndiyo sumu ya samaki ninayoshuku inatusumbua zaidi ya zote na kutambuliwa kidogo kuliko zote. Mtu amekula jodari, nguru, vibua au dagaa. Kabla ya saa moja kwisha anahisi uso na shingo vinawaka, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, mwili unawasha na kutoa vipele, pengine tumbo linakata. Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo mguse shavu uone joto, na mtazame weupe wa macho. Ukimuuliza, huenda akakwambia samaki alimpekecha ulimi kama ana pilipili.

Huambiwa ana aleji ya samaki, na wengine huacha kula jodari maisha yao yote kwa hukumu hiyo. Mara nyingi si kweli. Samaki wa jamii hii wana histidini nyingi kwenye nyama. Wakikaa juani au kwenye tenga bila barafu, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini, kemikali ileile ambayo mwili wenyewe huitoa wakati wa aleji. Ndiyo maana dalili zinafanana. Namna ya kuzitenga: aleji humpata mmoja kati ya wengi, na humrudia kila akila samaki yule. Histamini huwapata waliokula samaki yuleyule wa siku ileile, na wiki ijayo mtu huyohuyo anakula jodari mbichi wa barafu bila tatizo.

Kukaanga kunaua bakteria, histamini inabaki. Kuganda kwenye friza pia hakuiondoi. Kunazuia tu isiongezeke. Kinga iko kwenye barafu tangu samaki anapotoka majini, joto lisizidi nyuzi 4. Kiwango cha kimataifa cha Codex hakiruhusu zaidi ya miligramu 200 za histamini kwa kilo ya samaki, na samaki anaweza kuvuka kiwango hicho bila kunuka. Vidonge vya aleji vya kawaida, kama setirizini au klofeniramini, hutuliza, na kwa wengi mambo huisha ndani ya siku moja. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo asikae nyumbani kungoja.

## Mtaa mzima umeugua, na kiliwa kilikuwa kasa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu makaburi yapo.

Mwaka 2021 watu saba walikufa Pemba baada ya kula nyama ya kasa, mmoja wao mtoto wa miaka mitatu. Machi 2024, Kisiwa Panza, walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja, mama wa mmoja wa watoto hao, na wengine 78 wakalazwa. Nambari hizi zinaeleza jambo moja kuhusu sumu hii: kasa mmoja hugawanywa nyumba nyingi, na akiwa na sumu anayo kwa wote.

Dalili hazina haraka. Zinaweza kuja saa chache baada ya kula, zinaweza kuja baada ya siku kadhaa. Huanza na kichefuchefu, kutapika na tumbo, mdomo na koo kuwaka, baadaye ulimi na midomo kutoka vidonda. Mgonjwa anakuwa na usingizi usio wa kawaida. Usingizi huo kwa mtoto ndio ishara mbaya kuliko kutapika, maana huweza kuishia kwenye kupoteza fahamu. Watoto huumia zaidi ya watu wazima. Na sumu hupita kwenye maziwa ya mama: mtoto mchanga ambaye hajaonja hata mchuzi anaweza kuugua kwa sababu mama yake alikula. Aliyekula kasa aache kumnyonyesha mwanawe mara moja na aende naye hospitali, hata kama yeye mwenyewe anajiona mzima.

Sumu yenyewe wanasayansi hawajaitambua kikemia. Linaloshukiwa ni kwamba kasa huipata katika anachokula, mwani wenye sumu na viumbe vingine vya baharini, akaihifadhi mwilini bila kudhurika. Anayetajwa zaidi katika vifo vya namna hii duniani ni kasa aitwaye ng'amba, ambaye hula sponji za kwenye miamba, lakini hakuna aina inayoweza kuitwa salama. Hili ndilo linaloivunja hoja ya "babu zetu walikula na hakikuwa kitu." Walikula kasa ambaye hakuwa na sumu. Huyu wa leo kwa sura, kwa rangi ya nyama na kwa harufu ni sawasawa na yule, na kapitia malisho mengine. Kupika hakusaidii, kukausha hakusaidii. Wapo wanaomrushia paka kipande kwanza. Sumu inayoweza kuchukua siku kadhaa kuonekana haipimwi kwa paka aliyeangaliwa nusu saa.

Tatizo jingine ni la kibinadamu. Kuvua kasa kumekatazwa kisheria, kwa hiyo familia ikifika hospitali husema "tulikula samaki." Daktari anaanza kufikiria bunju au jodari, anaangalia saa za mwanzo, anaona mgonjwa hajalegea, anamruhusu. Kesho yake mtoto haamki. Mwambieni daktari kasa. Kazi yake ni kumtibu mgonjwa.

Akiugua mmoja, waliokula wote watafutwe, hata wale wanaocheza. Sheha anajua nyumba za shehia yake, na msikiti una kipaza sauti. Orodha iwe ya majina, na iwahesabu waliopelekewa bakuli mtaa wa pili. Dawa maalumu ya kuipinga hakuna, ila maji ya mishipani, uangalizi wa ini na figo, na msaada wa pumzi huweza kumvusha aliyewahi. Nyama iliyobaki, pamoja na iliyokaushwa na iliyo frizani, izikwe kwa kina ambacho mbwa hafukui.

## Kichwa kinagonga, kizunguzungu, homa hakuna

Vyanzo viwili ambavyo havina uhusiano wowote hukutana kwenye dalili hizi, na vyote viwili huunyima mwili oksijeni.

Cha kwanza ni muhogo. Saa chache baada ya kula, kichwa, kizunguzungu, kutapika na kuhema kwa haraka. Muhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini. Ukikatwa au kutwangwa, kimeng'enya kilichomo huivunja na kutoa sianidi. Sianidi huzuia chembe za mwili kutumia oksijeni; damu inayo, chembe haziwezi kuipokea. Kwa hiyo mtu anahema na hapati nafuu.

Kosa linalofanyika zaidi ni kuchemsha vipande vikubwa vya muhogo mchungu ukadhani umemaliza. Moto hukiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi yake, na linamarini inabaki ndani ya muhogo ulioiva vizuri. Kinachosaidia ni kuupasua na kuuponda au kuukuna, kuuloweka siku kadhaa mpaka ulainike, kisha kuuanika. Mama zetu wanaotwanga kisamvu mpaka kilainike kabisa ndipo wakakichemsha na sufuria wazi wanafanya kemia sahihi: kutwanga kunakutanisha kimeng'enya na linamarini, kisha gesi inapanda na mvuke. Mwaka wa ukame muhogo huzidi uchungu, na ndio mwaka ambao watu huharakisha makopa, yaani muhogo wa kukausha, kwa njaa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa unga ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo, usizidi hapo. Tarime, huku Bara, mwaka 1985, ulaji wa muhogo mchungu usioandaliwa vizuri ulileta konzo, ugonjwa wa miguu kukakamaa ghafla usiorudi nyuma. Mwili una njia yake ya kuigeuza sianidi, na inahitaji salfa inayotoka kwenye protini. Anayekula muhogo wa nazi kwa samaki au maharage ana akiba hiyo. Anayekula muhogo mkavu siku nenda siku rudi hana.

Chanzo cha pili ni hewa ya jenereta au mkaa. Unguja ilipokaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, jenereta zilinguruma kila uchochoro wa Mji Mkongwe, na tangu hapo wengi wamebaki nazo. Ikiwashwa ukumbini au chini ya dirisha, au jiko la mkaa likiachwa chumbani usiku wa mvua na milango imefungwa, hutoka kaboni monoksaidi. Haionekani wala hainuki. Hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Ishara ya kuitofautisha na malaria: nyumba nzima inaumwa kichwa kwa pamoja, hakuna homa, na aliyetoka kwenda sokoni anapata nafuu, akirudi kichwa kinarudi. Paka wa ndani naye kalegea. Kile kifaa cha kubana kidoleni kitaonyesha oksijeni nzuri kabisa, kwa sababu hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba hewa hii. Usikiamini. Mtoe nje, fungua madirisha, zima kinachowaka, naye apewe oksijeni hospitali. Mjamzito hata akijiona kapona apelekwe, maana mtoto tumboni huiachia hewa hiyo polepole kuliko mama.

## Mmulike machoni

Tochi ya simu inatosha. Mboni ya jicho hubadilika kinyume kwa sumu moja na nyingine.

Mboni imekuwa ndogo kama tundu la sindano, na mgonjwa amelowa: mate yanamtoka, machozi, jasho, kamasi, anaharisha, kifua kinakoroma, misuli inachezacheza. Hiyo ni dawa ya wadudu ya jamii ya oganofosfeti au kabameti. Huzuia kimeng'enya kinachofuta ujumbe wa neva kila ukishafika, kwa hiyo tezi na misuli vinaendelea kuamrishwa bila kukoma. Si lazima awe ameinywa. Anayepuliza nyanya na bomba la mgongoni linalovuja, kifua wazi, anaipata kwenye ngozi. Jioni analalamika kichwa na macho kuona giza, anadhani ni jua. Mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi mpaka nywele na kucha, na anayemwosha avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Hospitali kuna atropini, na hutolewa mpaka kifua kikauke.

Mboni imetanuka ikameza jicho zima, na mgonjwa ni mkavu: ngozi moto na kavu, mdomo haumezi, mkojo umefunga, moyo mbio, anaongea na watu wasiokuwepo na kuokota vitu hewani. Kabla hujaita mganga wa kupunga pepo, uliza kuhusu mmea uitwao mnanaha. Majani na mbegu zake zina atropini na skopolamini. Ndiyo, atropini ileile inayomwokoa aliyekunywa dawa ya wadudu. Hizi ni sumu mbili zinazovutana kamba moja. Watoto huchezea yale matunda yenye miiba, na mbegu zake huchanganyika na nafaka shambani. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, chakula cha msaada kilichoingiwa na sumu za mmea huu kiliua watu. Mgonjwa wake apozwe mwili, awekwe penye utulivu, asifungwe kamba kwa nguvu, apelekwe.

Mboni ndogo lakini mgonjwa ni mkavu, amelala fofofo na anapumua mara chache kwa dakika, ni jambo jingine: heroini au dawa kali za maumivu. Ndugu huficha kwa aibu. Dawa yake, naloksoni, hufanya kazi kwa dakika chache, ila lazima mtu aseme.

## Mtoto na chupa ya soda

Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, dawa ya kufanyia weupe nguo kwenye chupa ya maji. Ajali hii haihitaji maelezo marefu. Mtoto anakohoa, pumzi zinanuka mafuta. Asitapishwe. Mafuta ya taa tumboni hayana madhara makubwa. Yakipanda kwa kutapika na tone likaingia mapafuni, yanaleta kichomi cha kuua. Dawa ya kuunguza nayo, ikirudi juu, huunguza koo mara ya pili. Maziwa hayaondoi sumu hizi, na tumbo lililojaa hutapika lenyewe. Kwa nini maziwa yamepata sifa ya kutibu kila sumu sijui, lakini yanapoteza robo saa ya kutafuta gari. Mkaa wa jikoni pia si ule unga wa mkaa wanaopewa baadhi ya wenye sumu hospitali.

Mtoto wa mafuta ya taa akifika hana kikohozi, bado huangaliwa saa sita hivi. Msikasirike mkiambiwa mngoje.

## Aliyepoa kisha akarudi vibaya

Sumu nyingine zina kipindi cha utulivu kinachowapumbaza watu. Sumu ya panya inayozuia damu kuganda haionyeshi kitu siku ya kwanza. Baada ya siku mbili tatu fizi zinatoka damu, mkojo unakuwa mwekundu, michubuko inatokea bila kugongwa. Vitamini K ndiyo tiba. Kuna nyingine ya panya, fosfidi ya zinki, ambayo haina utulivu wowote: matapishi yenye harufu kama ya kitunguu thaumu au samaki aliyeoza, na presha inashuka ndani ya saa chache.

Parasetamoli ndiyo ninayoihofia zaidi. Mama kampa mtoto ya maji, bibi hajui, kampa tena, jioni ikaongezwa ya vidonge. Mtoto anatapika kidogo, kesho yake yuko sawa. Siku ya pili au ya tatu ini linauma, macho yanakuwa manjano. Dawa, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri mno ikianza kabla ya saa nane kupita tangu dawa imezwe, yaani wakati mgonjwa bado anaonekana mzima. Pombe yenye methanoli nayo hungoja nusu siku au siku nzima, kisha mnywaji anasema anaona weupe kama ukungu. Kama kuna aliyekunywa kwa siri, macho yake yatamsema.

Kuna na ile isiyo na siku ya kuanza. Mtoto ana tumbo la kukata kila mara, choo kigumu, damu pungufu, na skuli anazidi kurudi nyuma. Tazama wanja anaopakwa. Aina nyingi za wanja wa manga ni madini ya risasi yaliyosagwa, na kipimo cha damu pekee ndicho kinachothibitisha.

## Cha kubeba

Kopo au chupa yenyewe, na lebo yake hata ikiwa imechanika. Majani au mbegu alizotafuna. Mabaki ya chakula kwenye chombo safi chenye kifuniko, na kichwa au mkia wa samaki kama upo. Kama haupo, jina la aliyeuza na diko alilotoka. Saa ya kula na saa ya dalili ya kwanza, ziandikwe kwenye simu kabla watu hawajaanza kubishana. Mabaki hayo huweza kufika kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar au maabara ya Mkemia Mkuu, na yakikutwa na kitu, waliokula samaki wa tenga hilohilo watatafutwa. Yakae kwenye barafu, yaandikwe SUMU kwa herufi kubwa, yasiwekwe friji moja na chakula cha nyumbani.